Mazoezi na Mlo kwa Mtu wa Kazi ya Kukaa: Mwongozo Kamili wa Wiki 12

Mimi ni fundi cherehani. Nina daftari la vipimo vya wateja nililolijaza kwa zaidi ya miaka kumi, na kila nikilifungua naona jambo lilelile: kiuno kilichoanza na inchi 34 kimekuwa 37, kisha 40. Mteja ananiambia, "Fundi, acha nafasi kidogo." Nami nilikuwa naacha nafasi, hata kwenye suruali zangu mwenyewe, mpaka siku kichwa kilipogoma kutulia nikaenda kupima. Presha ilikuwa 152 kwa 96. Sukari, asubuhi kabla ya kula, milimoli 6.4 kwa lita. Sikuwa na kisukari bado, lakini nilikuwa nimeshika kitasa cha mlango wake.

Mwongozo huu nimeuandika kwa wenzangu wanaokaa kutwa: mafundi, makarani, madereva, wenye maduka, vijana wa bodaboda. Ninachotaka ukishike ni kwamba mazoezi na mlo ni kazi moja. Kutembea haraka kwa nusu saa kunatumia nishati inayokaribiana na iliyomo kwenye chupa moja ya soda ya mililita 300. Kwa hiyo anayekimbia Jumamosi na klabu yake ya jogging, kisha akamalizia kwa chapati tatu na soda mbili, kitambi chake hakitaondoka. Na anayejinyima chakula bila kutikisa mwili atapungua kweli, ila sehemu ya anachopoteza ni misuli, na misuli ndiyo anayoihitaji kuliko kitu chochote.

Kinachotokea ndani ya mwili

Mwaka 1953 daktari Jeremy Morris na wenzake walichapisha utafiti kuhusu wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa ya London. Dereva na kondakta walifanya kazi kwenye basi moja, saa zilezile, katika jiji lilelile. Dereva alikaa kwenye kiti, kondakta alipanda na kushuka ngazi kutwa akikata tiketi. Madereva waliugua moyo zaidi ya makondakta. Tangu niusome utafiti huo, kila nikipanda daladala namwangalia dereva, halafu nafikiria kiti changu cha cherehani.

Ukishakula, wanga wa ugali au wali hugeuka sukari na kuingia kwenye damu. Insulini, homoni itokayo kwenye kongosho, ndiyo inayoifungulia sukari hiyo mlango iingie kwenye seli. Kwa mtu mwenye kitambi insulini inabisha hodi na seli zinachelewa kuitika, hivyo sukari inabaki kwenye damu. Lakini msuli unaofanya kazi una mlango wake wa pili: unapojikunja na kukunjuka huvuta sukari kutoka kwenye damu hata bila kuisubiri insulini. Ndiyo maana kutembea dakika 10 mara baada ya kula kuna faida ya pekee, na ndiyo maana mwongozo huu unaanzia hapo.

Ushahidi kwamba viwili hivi viende pamoja ulitolewa Marekani mwaka 2002. Watu zaidi ya 3,000 waliokuwa karibu kupata kisukari walifuatiliwa kwa takriban miaka mitatu. Kundi moja lilitakiwa kurekebisha mlo, kupunguza asilimia 7 ya uzito na kufanya mazoezi dakika 150 kwa wiki. Hatari yao ya kupata kisukari ilipungua kwa asilimia 58. Waliopewa metformin, dawa ya kushusha sukari, ilipungua kwa asilimia 31. Kwa mtu wa kilo 85, asilimia 7 ni kama kilo 6 tu.

Faida nyingine zinafahamika: presha hushuka, mafuta mabaya kwenye damu hupungua, mifupa hukaza, usingizi huja mapema, wasiwasi na huzuni hulegea, na hatari ya saratani ya utumbo mpana na ya titi hupungua. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kila wiki, au dakika 75 hadi 150 za mazoezi makali, na siku mbili au zaidi za kukaza misuli. Tutazifikia polepole.

Hatua ya 1: Pima kabla hujaanza

Anza na kiuno, na hapa nisikilize kama fundi. Namba ya suruali inadanganya. Mwanaume mwenye kitambi huifunga suruali chini ya tumbo, halafu anajisifu kwamba bado anavaa 36. Simama wima, pandisha shati, tafuta ubavu wa mwisho kwa kidole, kisha tafuta ncha ya juu ya mfupa wa nyonga. Futi ya kushonea ipite katikati ya sehemu hizo mbili, ilale sawasawa kuzunguka mgongo, isibane. Toa pumzi kama kawaida, usivute tumbo ndani, soma. Kwa mwanaume, sentimita 94, yaani inchi 37, ni dalili ya kuanza kujihadhari. Kwa mwanamke ni sentimita 80, inchi 31 na nusu. Mimi nilikuwa na inchi 41, na suruali zangu zilikuwa 38.

Kisha presha. Kaa dakika tano kabla ya kupimwa, miguu sakafuni bila kukunja nne, mkono ukiwa usawa wa moyo. Usiwe umekunywa kahawa wala kuvuta sigara nusu saa kabla. Ikisoma 140 kwa 90 au zaidi kwa siku tofauti, hiyo ni presha ya juu, muone daktari. Sukari ipimwe asubuhi kabla hujala: 7.0 na kuendelea, ikithibitishwa kwa kipimo cha pili, ni kisukari. Kati ya 6.1 na 6.9 uko pale nilipokuwa mimi.

Muone daktari kwanza, kabla ya zoezi lolote, ikiwa kifua hubana unapotembea, ukikosa pumzi kwa kazi ndogo, ukizirai, au ukiwa na ugonjwa wa moyo. Mjamzito naye aongee na kliniki yake. Mara nyingi ataruhusiwa kutembea. Anayetumia insulini au vidonge vya kisukari vya glibenclamide ajue kwamba mazoezi yanaweza kuishusha sukari kupita kiasi. Atembee na sukari au pipi mfukoni. Akianza kutetemeka, kutoka jasho la baridi au kuhisi njaa ya ghafla, asimame, anywe maji yenye vijiko vitatu au vinne vya sukari, apumzike dakika 15 na apime tena. Na dawa za hospitali haziachwi kwa sababu umeanza kutembea. Daktari ndiye anayepunguza.

Hatua ya 2: Tembea baada ya kula

Wiki ya 1 na ya 2, tembea dakika 10 kila siku baada ya chakula cha usiku. Ni hayo tu. Najua yanaonekana machache, lakini watu wengi huanza kwa kukimbia kilomita tano siku ya kwanza, goti linavimba, na viatu vinarudi uvunguni.

Wiki ya 3 na ya 4, ongeza dakika 10 baada ya chakula cha mchana. Jua likiwa kali zunguka kwenye kivuli, au panda na kushuka ngazi za jengo.

Kuanzia wiki ya 5, usiku ziwe dakika 20, mchana zibaki 10. Kwa siku saba hizo ni dakika 210, umeshavuka kiwango cha chini. Kuanzia wiki ya 9, siku moja ya mapumziko tembea dakika 45 mfululizo, au jiunge na klabu ya jogging ya mtaani ukimbie na kutembea kwa zamu.

Mwendo uwe upi? Uweze kuongea na mwenzako lakini usiweze kuimba. Ukiweza kuimba, ongeza hatua. Ukishindwa kumaliza sentensi, punguza. Viatu viwe vya kufunga kamba, vyenye soli laini. Ndala zinafanya vidole vijikunje kuzishika na kisigino kinaumia.

Kwa wanaokaa kazini, kuna jambo la ziada. Saa nane za kukaa mfululizo hazifutiki zote kwa matembezi ya usiku. Zamani pasi yangu ilikuwa kwenye meza pembeni ya cherehani, naifikia nikiwa nimekaa. Nikaihamishia upande wa pili wa chumba. Sasa kila mshono ninaotaka kuulaza, nanyanyuka, napiga pasi nimesimama, narudi. Kwa siku ni mara thelathini au arobaini, na sijatenga hata dakika moja kwa ajili hiyo. Tafuta pasi yako: weka maji ya kunywa mbali, pokea simu umesimama, shuka daladala vituo viwili kabla.

Wateja wangu kina mama wengi huniambia hawawezi kutoka usiku, na wana haki ya kuhofu. Watembee alfajiri kukishapambazuka, wawili au watatu pamoja, au waruke kamba uani. Kamba ni zoezi kali. Ruka nusu dakika, pumzika nusu dakika, mara kumi.

Hatua ya 3: Panga sahani upya

Chakula chetu si kibaya. Maharage, dagaa, mchicha, matembele, kisamvu, kunde, choroko, papai: hakuna haja ya kununua chochote cha kutoka ng'ambo chenye maandishi ya kupunguza mwili. Kinachotuumiza ni vipimo. Ugali unakuwa mlima na mboga inakuwa ya kulowekea.

Chukua sahani bapa ya kawaida. Nusu yake ijae mboga za majani na kachumbari. Robo iwe ugali, wali, viazi au ndizi, kiasi cha ngumi yako iliyokunjwa. Robo iwe maharage, samaki, dagaa, kuku au mayai. Anayelima au kubeba mizigo kutwa anahitaji zaidi ya ngumi moja, mwili wake utaitumia. Mimi ninayekanyaga pedali sihitaji. Siku za mwanzo nililala na njaa. Nilipoongeza mchicha na maharage badala ya kurudia ugali, njaa iliisha ndani ya wiki, kwa sababu nyuzinyuzi na protini hukaa tumboni muda mrefu.

Unga wenyewe uwe dona pale unapoweza. Sembe imekobolewa, ganda na kiini vimeondoka, na vimeondoka na nyuzinyuzi pamoja na sehemu kubwa ya vitamini. Kama familia inalalamikia dona, changanya nusu kwa nusu, kisha ongeza dona taratibu. Nunua dona iliyosagwa karibuni, kwa kiasi kidogo, maana mafuta ya kiini huifanya iharibike mapema kuliko sembe, na usinunue iliyopata unyevu au inayonuka ukungu.

Sasa sukari. Mtu mzima asizidishe gramu 50 za sukari ya kuongezwa kwa siku, na akishuka hadi 25 ni bora zaidi. Kijiko cha chai kina kama gramu 4. Nilikuwa nakunywa vikombe vinne vya chai, kila kimoja vijiko vitatu: vijiko 12, gramu 48. Nilimaliza mgao wangu kabla sijagusa soda, na soda moja ya mililita 300 ina kama gramu 30. Usiache kwa siku moja. Punguza nusu kijiko kila wiki, weka tangawizi, mchaichai au iliki ili kikombe kiwe na ladha. Ulimi huzoea. Leo nikipewa chai ya msibani naona kama nakunywa asali. Juisi, hata ya nyumbani, nayo isiwe mbadala wa maji. Embe zima lina nyuzinyuzi, juisi ya maembe matatu ni sukari inayoteremka haraka.

Chumvi: gramu 5 kwa mtu kwa siku, kijiko kimoja cha chai, ikiwemo iliyo kwenye mkate na viungo vya kiwandani. Hesabu hii inasaidia: familia ya watu watano isizidi gramu 25 kwa siku, maana yake pakiti ya nusu kilo idumu siku 20 au zaidi. Nyumbani kwetu ilikuwa inaisha kwa siku tisa. Mke wangu ndiye aliyeandika tarehe kwenye pakiti kwa kalamu, na hapo tukaona. Tulitoa kichupa cha chumvi mezani, tukaacha vile vidonge vya mchuzi, tukaongeza ndimu, vitunguu saumu na pilipili.

Mafuta yapimwe kwa kijiko, yasimiminwe kutoka kwenye dumu. Kijiko kimoja cha mezani kina kilokalori kama 120. Mboga za majani zinahitaji mafuta kidogo, au karanga za kusaga, kwa sababu vitamini A iliyomo haifyonzwi vizuri bila mafuta. Lakini kidogo ni kidogo. Chipsi, maandazi na vitumbua viwe vya siku maalumu.

Neno moja kwa kina mama na wasichana hasa: madini ya chuma yaliyomo kwenye maharage na mchicha hufyonzwa vizuri zaidi ukila na chungwa au ndimu, na huzuiwa na chai. Isogeze chai saa moja mbali na mlo. Mtu mwenye upungufu wa damu atayaona mazoezi ni mateso, na hatajua kwa nini.

Hatua ya 4: Kaza misuli siku mbili kwa wiki

Anza wiki ya 3. Huhitaji jimu. Kiti imara, ukuta na madumu mawili ya lita tano vinatosha. Misuli huanza kupungua polepole mtu akishavuka miaka thelathini na kitu, na kwa kuwa ndiyo ghala kubwa la sukari mwilini, ghala likipungua sukari inakosa pa kwenda.

Zoezi la kwanza ni kukaa na kuinuka. Simama mbele ya kiti ukikipa mgongo, miguu ipanuke usawa wa mabega. Sukuma makalio nyuma, shuka taratibu ukihesabu hadi tatu, gusa kiti tu bila kujitupa, inuka kwa kusukuma visigino. Magoti yaelekee zinapoelekea ncha za vidole, yasianguke ndani. Mara 10, pumzika dakika moja, rudia mara mbili. La pili ni pushapu za ukutani: viganja ukutani usawa wa kifua, mwili umenyooka kama ubao. Zikiwa rahisi hamia kwenye meza, kisha sakafuni. La tatu, inama kwa nyonga mgongo ukiwa umenyooka, vuta madumu kuelekea kiunoni. Yasiwe yamejaa mwanzoni. Mwisho, jishikilie kwa viwiko na vidole vya miguu, tumbo limekazwa, sekunde 20.

Maumivu ya misuli siku mbili baadaye ni ya kawaida. Maumivu makali ya kiungo wakati wa zoezi si ya kawaida, acha.

Hatua ya 5: Wakati wa kula na kunywa

Matembezi mepesi baada ya kula hayana tatizo. Ukitaka kukimbia, subiri saa mbili hadi tatu baada ya mlo mkubwa. Baada ya zoezi la misuli, yai, maziwa, maharage au dagaa vinatosha. Unga wa protini wa kwenye makopo si lazima. Maji yatosha pia kwa mazoezi ya chini ya saa moja.

Mwezi wa Ramadhani, wengi huacha kila kitu. Tembea kwa upole nusu saa kabla ya futari, au baada ya tarawehe. Futari ndiyo ya kuangaliwa: ufungue kwa tende na maji, swali, kisha sahani ileile ya nusu mboga. Viazi vya kukaanga, sambusa na kaimati kwa pamoja kila siku hufanya wengi wamalize mfungo wameongezeka uzito. Mgonjwa wa kisukari aongee na daktari kabla ya mwezi kuandama.

Hatua ya 6: Pima tena, kisha rekebisha

Futi ipite kiunoni kila baada ya wiki mbili, asubuhi, mahali palepale. Mizani isikutishe: misuli ikiongezeka mafuta yakipungua, kilo zinaweza kusimama huku kiuno kikipungua. Presha pima kila wiki. Usingizi na wepesi utavisikia mapema, kwangu ilikuwa wiki ya pili. Kwa mwenye kisukari, kipimo cha wastani wa sukari hurudiwa baada ya miezi mitatu, kwa sababu chembe nyekundu za damu huishi kama siku 120 na kipimo hicho husoma sukari iliyozishika.

Wiki ya 12 nilikuwa 134 kwa 84, sukari 5.7, kiuno inchi 38. Suruali ya kijivu niliyojiachia nafasi nikaifumua na kuibana mwenyewe. Wengine watapungua upesi zaidi, wengine polepole. Ikiwa wiki ya 6 kiuno hakijasogea hata nusu inchi, usiongeze kukimbia. Andika kila unachokula na kunywa kwa siku tatu, ikiwemo karanga za mteja na chai ya jirani. Mara nyingi jibu litakuwa humo.

Ukipitwa na wiki kwa homa, safari au msiba, usirudi pale ulipoachia. Rudi nyuma wiki mbili za ratiba, uanzie hapo. Na homa ikiwepo, pumzika kabisa mpaka iondoke.